Mpira wa Petroli Uliokatwa kwa Panga

Watu wa kijijini kwetu wakimtaja mjomba wangu, Mhina Isihaka, huanza na siku aliyokataa kuwasha mashine ya boti. Mimi naanza nyuma kidogo, maana alikuwa ameishi miaka mingi kabla ya siku hiyo, na hakuna anayeuliza habari za miaka hiyo.

Alizaliwa huku kwetu upande wa Handeni, kwa wakulima wa mahindi na mtama. Alipopata nguvu akaenda Tanga, akaajiriwa kwenye boti ndogo zilizokuwa zikipeleka watu wa kazi kwenye meli. Fundi aliyemfundisha mashine aliungua mbele ya macho yake. Petroli ilikuwa imevuja kwenye mpira uliopasuka, ikakaa chini ya mbao za boti bila mtu kuiona. Fundi alifika asubuhi, akavuta kamba ya kuwashia mara moja tu. Mjomba hasimulii yote. Anasema moto wa petroli ndani ya boti hauanzii pembeni ukasogea, bali unatokea kila mahali kwa pamoja, na mtu anakosa pa kukanyaga.

Baada ya hapo akarudi nyumbani, akamwoa shangazi Fatu, akashika jembe. Operesheni ya vijiji ilipokuja mwaka sabini na nne tulihamishwa sote, tukapangwa kwenye mistari pale Kwedilanga, karibu na Luvu, ndio mto wanaouita Pangani kwenye ramani. Barabara na maduka viko ng'ambo, upande wa Korogwe. Kiangazi mtu anavuka kwa miguu akishika fimbo. Masika hakuna anayevuka. Kwa hiyo wilaya ikatuletea boti ya zamani ya bati, imebebwa juu ya lori, na mashine yake ya petroli ya kufunga nyuma. Watu walicheka sana siku hiyo.

"Boti Handeni!" walisema. "Tutaiendesha kwenye vumbi?"

Mjomba hakucheka. Aliizunguka ile boti, akainama, akanusa chini ya mbao. Kisha akasema anaweza kuiendesha, na tokea hapo akaitwa Mhina Boti.

Mwaka uliofuata njaa ilikuwa kali. Mvua ya vuli haikunyesha na mahindi yalikaukia shambani. Masika ilipokuja ikaja yote kwa pamoja, mto ukafura, nasi tukabaki upande wetu tukila mlenda mtupu. Mtoto wa mwisho wa mjomba, Mwantumu, alivimba miguu. Ukimbonyeza, kidole kinaacha shimo. Shangazi Fatu aliacha kumbonyeza kwa sababu shimo lilikuwa linachelewa kujaa.

Ndipo habari ikaja kwamba mahindi ya msaada, yale ya njano tunayoyaita yanga, yameshushwa ng'ambo kwenye banda la mkonge. Karani wa ng'ambo akatupigia kelele kuvuka maji, viganja vimezunguka mdomo, kwamba banda linavuja, na kama hatuyafuati upesi magunia yatapelekwa kijiji kingine chenye njia.

Na boti ilikuwa haiendi. Mpira unaotoa petroli kwenye tangi kuipeleka kwenye mashine ulikuwa umekauka na kupasuka-pasuka, ukiukunja unatoa jasho la petroli. Mjomba aliufungua mwenyewe akautupa, ili mtu mwingine asije akashawishika kuutumia. Alikuwa ameagiza mwingine Tanga tangu mapema. Ukafika kwa mkono wa mpanda baiskeli aliyezungukia daraja la mbali, umezungushiwa kiunoni kama mkanda.

Siku ulipofika, mjomba alikuwa mtoni akichota maji ya mvua ndani ya boti. Mpira ukapokelewa na kamati. Mashine ya kusaga ya kijiji nayo ilikuwa haina mpira wa mafuta. Wa kwake ulitafunwa na panya. Kamati ikakaa kikao. Mwenyekiti wetu, ndugu Bonaventura, si mtu mbaya. Alikuwa akigawa kila kitu sawasawa, chumvi, sabuni, hata misumari, na hakuna aliyewahi kusema amependelea. Akaukunja mpira katikati, akaulinganisha ncha kwa ncha, akauweka kwenye gogo, na kuukata kwa panga. Nusu ya boti, nusu ya mashine ya kusaga. Watu wakapiga makofi.

Mjomba alikuja na miguu yenye tope akakabidhiwa nusu yake. Aliigeuza mkononi kwa muda.

"Nyingine iko wapi?"

"Kwa Habakuki, kwenye mashine," alisema Mwenyekiti. "Kijiji ni kimoja, ndugu Mhina. Hakuna mtoto wa kambo hapa."

"Mwenyekiti, huu haufiki. Tangi liko katikati ya boti, juu ya benchi, lisikae kwenye maji. Mashine iko nyuma."

"Lisogeze tangi."

"Nikilisogeza, nyuma panazama. Halafu mashine ya boti inageuka. Ukitaka kwenda kushoto unaigeuza yote, na mpira unageuka nayo. Lazima ulegee. Ukikazika unachomoka."

"Hukuwepo kwenye kikao."

"Nilikuwa nachota maji."

"Sasa kilichoamuliwa na kikao hakivunjwi na mtu mmoja. Tuite kikao kingine?"

"Iteni."

"Wajumbe wametawanyika kuchuma mboga," alisema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mhina, watu wana njaa. Fanya maarifa."

Mjomba akapanda kwa Habakuki, mwendesha mashine ya kusaga. Huyu alikuwa Msambaa wa kule juu Kerenge, mfupi, mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni. Mkewe Hosiana alibaki Kerenge na watoto. Yeye na mjomba walikuwa wakitaniana kila siku, Msambaa na Mzigua, hata misibani.

"Nimekuja kuchukua mpira," mjomba akasema.

"Wazigua! Mmezoea kuchukua. Kuku wangu mmechukua, sasa mpira."

"Mashine yako haina cha kusaga."

"Na wewe ukileta hayo mahindi, mtasaga kwa meno? Mawe ya kusagia mliyaacha mlikotoka."

"Nikivusha mahindi nakurudishia siku hiyohiyo."

Habakuki aliutazama ule mpira uliokuwa ukining'inia mpya kwenye msumari. Alikuwa akimfahamu Mwantumu. Alizoea kumpa pumba za kuchezea. Akauondoa.

"Lakini nakuja nao," alisema. "Mpira wangu hausafiri peke yake na Mzigua."

"Unajua kuogelea?"

"Sisi wa milimani maji tunayanywa, hatuogelei."

"Basi baki."

"Nikibaki, mpira unabaki."

Wakacheka wote wawili. Niliwaona wakishuka mtoni pamoja, kila mmoja na nusu yake ya mpira begani.

Kazi ile mjomba aliifanya mbele ya watu wengi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kwenda shamba. Kwanza alifunga koki ya tangi, akalishusha tangi lote, akalipeleka mbali juu ya nyasi kwenye kivuli. Aliwaambia wenye sigara waende nyuma ya nyumba, na mama aliyekuwa amewasha moto wa kuchemshia mlenda karibu na mto akaombwa auhamishe. Mama akanung'unika, "Hata moto tunanyimwa." Mjomba mwenyewe akamsaidia kubeba mafiga.

Akainua mbao za chini ya boti, akachota maji yote, akafuta kwa singa za mkonge hadi zikatoka kavu, akazinusa. Akaiacha boti wazi upepo upite. Watu walianza kuguna. Yanga zinalowa ng'ambo, na Mhina ananusa mkonge.

Kuunga mipira miwili alihitaji bomba la katikati. Akakata kipande cha bomba la shaba kwenye pampu mbovu ya dawa ya pamba, akasugua ncha zake kwenye jiwe zisichane. Aliomba maji ya moto kwenye kopo, akachovya ncha za mpira zilainike, akazisukuma juu ya bomba. Vibano vya kukaza alikuwa navyo viwili tu, na ncha zilikuwa nne. Hapo alikaa akifikiri. Mwishowe akatia kimoja kwenye tangi na kimoja kwenye mashine, kwa sababu, alisema, pale mtikisiko ni mkubwa. Kwenye kiungo cha katikati alizungusha waya laini, akausokota kwa koleo.

"Hapo ndipo nitakapopatazama njia nzima," akamwambia Habakuki.

"Nitapatazama mimi. Nusu ni yangu."

Akarudisha tangi, akaulaza mpira pembeni ukiwa umelegea, akafungua koki, akangoja. Akapitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo, akakinusa, akampa Habakuki naye anuse. Kitambaa kilikuwa kikavu. Akageuza mashine kushoto hadi mwisho, akaigeuza kulia hadi mwisho, akatazama tena. Ndipo akavuta kamba.

Walivuka watatu: mjomba, Habakuki, na Grasiana, mtunza ghala wetu, mwanamke mrefu asiyependa maneno, aliyetakiwa kupokea magunia. Kwenda walikwenda salama. Tuliwaona wakipakia ng'ambo, wabebaji wa kule wakitupa magunia ndani ya boti, na mjomba akiinua mikono kuwaambia polepole. Aliyapanga upya mwenyewe. Gunia moja aliliondoa karibu na mpira akaliweka juu ya mengine.

Kurudi walikuwa wamefika nusu ya maji gogo lilipotokea, mti mzima na mizizi yake, ukija na mto. Mjomba akageuza mashine kwa nguvu. Boti ikalala upande. Gunia la juu likateleza, likaangukia mpira, likaubana sakafuni, nayo mashine ilikuwa bado inageuka. Kiungo cha waya kikachomoka.

Haya ya ndani ya boti alitueleza Grasiana. Petroli ilimwagika kutoka juu kwenye tangi kama maji ya birika, ikapita chini ya magunia. Mjomba aliruka akafunga koki. Mashine ikakohoa, ikazima. Gogo lilikuwa limepita, hawakuguswa. Ikabaki harufu, na mto unawachukua.

Sisi ukingoni hatukujua lolote juu ya petroli. Tulichoona ni boti imezima na inateremka kuelekea kwenye mawe, kule mto unakobanwa na kupiga kelele. Mtu mmoja akaita, "Washa!" Kisha wote. Wanawake, watoto, Mwenyekiti mwenyewe kaingia majini hadi magotini, "Washa! Mhina, washa!" Shangazi Fatu alikuwa amembeba Mwantumu mgongoni, naye alikuwa akiita.

Ndani ya boti mjomba alisema, "Tupeni magunia. Nifike chini nichote petroli, ndipo niwashe."

"Hayatupwi," akasema Grasiana. Alikuwa amelalia gunia kifudifudi. "Watoto watakula nini?"

"Tukiungua watakula nini?"

"Hayatupwi, Mhina!"

Mjomba akanyakua kasia, akapiga. Kasia moja na boti iliyojaa, kwenye maji yale. Habakuki alikuwa amepiga magoti nyuma, ameupata mpira. Akauchomoa chini ya gunia, akarudisha ncha kwenye bomba la shaba, akaibana kwa viganja vyote viwili.

"Nimeushika!" akaita. "Nimeushika, hauvuji, fungua koki uwashe!"

"Petroli iko chini yetu."

"Naushika mimi! Washa, Mzigua!"

"Inuka ukae katikati, Habakuki. Shika gunia."

"Nikiuachia utawashaje?"

"Siwashi."

Grasiana anasema Habakuki alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Hakuachia. Mjomba alikuwa akipiga kasia kwa upande mmoja, akiielekeza boti iingie ubavu kwenye mwamba wa kwanza, mkubwa, inase pale isifike kwenye mawe makali. Na ndivyo ilivyokuwa. Boti iligonga ikanasa. Grasiana alibaki kwenye gunia lake. Mjomba aligonga kifua kwenye benchi. Habakuki alikuwa amepiga magoti, mikono yake miwili haijashika kitu ila mpira, akarushwa nje kama kitambaa. Tulikiona kichwa chake mara moja, mbali. Mjomba akajitupa nyuma yake na kasia mkononi. Mjomba maji yalimtupa kwenye matete, peke yake.

Tukaivuta boti kwa kamba za mkonge siku ile ile. Magunia mengi yalikuwa mazima, yamelowa chini, mengine yananuka petroli. Yale ya juu tuligawana, sawasawa kama kawaida. Mwantumu alikula. Habakuki alipatikana baadaye na vijana wa akina Sankale, wafugaji wa kule chini, walipopeleka ng'ombe kunywa.

Kikao kikaitwa, na safari hii wajumbe wote walikuwepo. Mwenyekiti alimwuliza mjomba swali moja tu: kwa nini hakuwasha, kiungo kimeshikwa, watu wanaona? Mjomba akaeleza petroli chini ya magunia. Akaeleza habari ya fundi wa Tanga.

"Hiyo ilikuwa Tanga," akasema mjumbe mmoja. "Huku hakuna kilichowaka."

"Hakikuwaka kwa sababu sikuwasha."

"Na Habakuki?"

Grasiana akasimama, akasema kwamba yeye ndiye aliyekataa magunia kutupwa, iandikwe hivyo. Mwenyekiti akamwambia aketi, mahindi hayana kosa. Juu ya panga na gogo la kukatia mpira hakusema mtu. Nilimtazama mjomba nikidhani atasema yeye, lakini aliangalia chini tu, na ndugu Bonaventura alikuwa anamtazama kama anayengoja kupigwa. Wakaamua asiiguse boti tena. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuiendesha, ikageuzwa kifudifudi, kuku wakaanza kutaga chini yake.

Watoto walichukua lile neno wakalifanya mchezo. Akipita kwenda shamba wanajificha nyuma ya nyumba, "Washa! Mhina, washa!" Shangazi Fatu aliwafukuza kwa kuni mwanzoni. Sasa anaendelea na kupepeta.

Hosiana, mke wa Habakuki, alifika maji yalipopungua. Mumewe tulishamzika, maana hangeweza kungoja. Alivuka kwa miguu, kanga ameikusanya juu ya magoti, na mtoto mkubwa nyuma yake. Hakwenda kwa Mwenyekiti. Aliuliza nyumba ya Mhina Boti.

Mjomba alikuwa akichonga mpini. Akasimama.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Nimekuja kuuliza." Alikataa kigoda, akaketi chini kwenye mkeka wa shangazi. "Ungewasha, ingewaka?"

Mjomba aliuweka mpini chini.

"Sijui," alisema. "Ingeweza kuwaka. Ingeweza isiwake."

"Watu wa huku wameniambia isingewaka."

"Wao hawajui. Na mimi sijui."

"Basi nikawaambie nini wenzake huyu?" Alimgusa mtoto kichwani. "Baba yenu amekufa kwa sijui?"

"Waambie alikuwa ameshika mpira. Wengine tulishika vya kutuokoa. Yeye hakuuachia."

"Ulimwambia auachie?"

"Nilimwambia."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Hosiana akatikisa kichwa taratibu, kama anayepokea kitu kizito na kutafuta pa kukiweka. Shangazi alikuwa amesonga ugali wa yanga. Akautenga mbele yao. Mtoto akala. Hosiana alinawa, akamega tonge moja, akalishika tu mkononi.

"Mara moja," alisema.

Alipomaliza mtoto, wakainuka. Mjomba aliwasindikiza hadi mtoni, akawatangulia kupima maji kwa fimbo, akamvusha mtoto begani. Ng'ambo Hosiana alimpokea mtoto wake, akamshika mkono, wakapanda kuelekea barabarani. Hakumwambia kwaheri, wala mjomba hakuonekana kuingoja. Alisimama kwenye maji ya magoti hadi walipopotea kwenye mkonge, kisha akageuka. Watoto walikuwa wameshakusanyika upande wetu, wanamngoja afike karibu.